Milimita Kumi

Mama hunung'unika kila akizamisha kibaba ndani ya pipa
kikagonga kioo badala ya mchele.
"Mize! Jicho lako hili iko siku nitalipika."
Namwambia, unyevu wa Wete unaotesha kuvu hata juu ya lenzi,
na mchele mkavu ndio dawa niliyonayo.
Lenzi yenyewe si yangu, ni ya idara.
Hata mimi nusu ni wa idara, kibarua wa miezi mitatu mitatu
tangu mwaka juzi.

Saa moja unusu niko maabara.
Nafungua bahasha alizoleta Mcha kutoka mashambani:
majani ya mkarafuu yenye madoa,
wadudu gamba walioganda kijitini,
majimoto wawili waliokufa wameumana.
Nalaza kimoja kimoja juu ya kadi ya kijivu,
ubavuni naweka rula, milimita kumi,
ili atakayeiona picha, popote alipo,
asimdhani mdudu wa Pemba mkubwa kuliko alivyo
wala mdogo.

Mdudu mmoja, picha arubaini.
Lenzi ya karibu ni bahili:
ikikupa jicho, inakunyima mguu,
ukiutaka mguu, bawa linayeyuka kama samli.
Basi nasogeza unywele kwa unywele,
nabana pumzi, napiga, nasogeza,
na lori la mchanga likipita barabara ya Konde
meza inatetemeka.
Naanza tena. Moja.
Jioni kompyuta huzishona zote arubaini zikawa mdudu mzima,
umeme ukituhurumia.

Mtaani hawana habari na hayo.
Mpiga picha, kwao, ni wa harusi.
Bi Tumu alinipa heshima nikampige bintiye,
nikarudi na hina iliyopasuka kiganjani kama tope la kiangazi,
na nzi juu ya halua, mguu mmoja umenata.
Sura ya bibi harusi haikuwamo.
Hadi leo Bi Tumu hunijibu salamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Barua ya chuo ilifika Rajabu.
Shahada ya pili, mji ambao jina lake
Mama hulitamka kila siku kwa namna mpya.
Picha ya viza nilijipiga mwenyewe,
shuka jeupe ukutani, kamera juu ya kinu.
Masharti yalisema: usitabasamu.
Uso, toka kidevu hadi utosi,
usipungue milimita thelathini na mbili, usizidi thelathini na sita.
Nikachukua rula ileile ya wadudu
nikaulaza uso wangu kando yake.
Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.

Nikamhadithia Mama: kule wana mtambo
unaosogeza kamera wenyewe, picha mia, bila mkono wa mtu.
Alikuwa anapeta. Ungo ukasimama.
"Kwa hivyo hata pumzi hutobana?"
"Sitobana."
"Haya. Utapumua."
Akaendelea kupeta.

Usiku wa mwisho wa kuwa na lenzi nilimwomba mikono yake.
Nikaweka rula. Akaisukuma kwa kidole,
akaweka kibaba mahali pake.
"Mimi nipime kwa hiki."
Picha arubaini, na kila moja amejikuna,
amefukuza mbu, amenyoosha mkono kuzima jiko.
Kompyuta ilishindwa kuzishona,
ikanipa vidole kumi na saba, vingine kama moshi.
Nimebaki na moja tu inayofaa:
ukucha wa dole gumba, mweusi kwa utomvu wa karafuu,
na nyuma yake ukungu, huenda ni yeye.
Nyuma ya picha nikaandika kama tunavyoandika:
Limbani, Wete. Kipupwe. Kipimo: kibaba.
Palipotakiwa jina la mkusanyaji
nikapaacha.

Lenzi nimeirudisha, Mcha amenitilia saini.
Safari ni Jumanne.
Pipa sasa lina mchele mtupu,
na Mama bado anazamisha kibaba polepole,
kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.